Pamba Nyuma ya Spika

Nikinusa pamba ya shambani, mwili wenyewe unataka kucheza. Shangazi yangu alikuwa anaenda kuolewa Sengerema, na gari ni pikapu ya baba. Redio ilikuwa mpya, maana baada ya miaka ya uhaba maduka ya mjini yalishaanza kujaa vitu, ila spika zilikwaruza kama debe la changarawe.

"Kaka, nikifika na kelele hizo wakwe watanicheka," shangazi akanuna.

Baba akabandua mifuniko ya ndani ya milango ya gari, akashindilia pamba ya shambani nyuma ya spika. Mimi mambo ya umeme siyajui, lakini besi ilitoka nzito, tamu. Tulipofika Kigongo, kwenye foleni ya kivuko cha kuvuka ziwa, watu wakacheza, bibi harusi katikati na shela lake. Kivuko kikaondoka bila sisi.

"Wakwe wanasubiri!" baba akafoka.

"Wasubiri tu, kaka. Geuza kanda."