Kikombe cha Ngozi kwenye Pampu ya Garissa

Siku ya kwanza kazini, katika nyumba ya pampu kando ya Mto Tana, Fundi Mkuu alitazama vazi langu kabla ya uso. Akasema litanaswa na mkanda wa injini. Nikalifunga kiunoni kwa fundo wanalotumia mama zetu kukazia nyumba za mikeka, na tangu siku hiyo hadi kustaafu hakuna mashine iliyowahi kulifungua.

Tulikuwa wanawake watatu: mimi, Halima jirani yangu, na Dahabo, mdogo wa mama yangu, ambaye kwa Kisomali namwita habaryar. Vita vya Shifta, vya waasi waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, vilikuwa vimepamba moto. Mafundi wa bara walikuwa wameomba uhamisho kwa kuogopa mabomu ya barabarani, na wanaume wetu walishukiwa wote kuwa waasi, hawakuruhusiwa kukaribia mtambo. Ndipo serikali ilipotukumbuka sisi. Sikununa. Mlango ukifunguliwa, mwenye akili huingia.

Pampu ile ilivuta maji kwa pistoni, na pistoni huvaa kikombe cha ngozi kinachobana ukuta wa silinda ili maji yasirudi chini. Kikichakaa, injini hunguruma bure. Vipuri vilikuja na msafara wa jeshi, na msafara ungeweza kuchelewa majuma mazima. Maji yenyewe yalitegemewa na hospitali na watu wetu waliokusanywa na serikali ndani ya seng'enge. Bila pampu, wanawake wangeshuka mtoni wenyewe, na aliyeonekana ukingoni angeweza kupigwa risasi na askari kabla ya kuulizwa jina.

Kikombe cha mwisho kilipasuka asubuhi moja. Ofisa wa Mitambo akaja, akasema maji yasipopanda kufikia kesho jioni, ataomba askari waendeshe mtambo na sisi turudi kwetu. Fundi Mkuu alimjibu kwa upole kwamba ngozi hupasuka hata mikononi mwa wanaume.

Nilijitolea mara moja. Ngozi naijua tangu utotoni. Nilikata ngozi ya shingo ya ngamia, nikailoweka, nikaikandamiza kwenye kalibu ya mbao, kisha nikaifukiza moshi kama tunavyofukiza vyombo vya maziwa. Ikang'aa, na Fundi Mkuu akanisifu. Haikumaliza saa moja ndani ya silinda. Habaryar Dahabo aliokota vipande, akanusa.

"Umeifukiza?"

"Nimeifukiza, habaryar."

"Mashine imekuomba maziwa? Ndoo ya ngozi ya kisimani nani huifukiza? Hiyo hunyweshwa mafuta ya nundu mpaka ilegee."

Halima alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Moshi hukausha ngozi. Kwa chombo cha maziwa ni sawa, lakini kwa kitu kinachokunjwa mchana kutwa ni kifo.

Siku zile, mafuta ya nundu hayakupatikana sokoni. Dahabo alikuwa na kipande kimoja, alichomwekea binti yake aliyekuwa ndani ya seng'enge, karibu kujifungua, ili ale apate nguvu. Nilimwambia tutafute mengine. Akasema, "Bila maji, huyo mtoto ataoshwa na nini?"

Tulikata kikombe kingine, tukakipaka, tukakisugua kwa zamu. Kesho yake alasiri Fundi Mkuu alinikabidhi hendeli ya kuwashia injini. Mshale wa presha ukapanda, ukakaa. Ofisa alipouliza kipuri kimetoka wapi, Fundi Mkuu akamjibu, "Kwa mafundi wangu." Hadi jana yake daftari la kazi lilituita vibarua.

Baadaye nilisimamia visima vya Wajir mpaka Tarbaj, kisha nikaenda Nairobi na kurudi Garissa na diploma ya ufundi wa mitambo, mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kuipata. Imetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Vijana hunisifu, nami nakubali, kwa sababu ni kweli.

Lakini niseme na hili. Katika mtihani wa mwisho tuliulizwa jinsi ya kutunza vikombe vya ngozi, nami nikaandika mafuta ya nundu ya ngamia. Mwalimu akanikosesha. Nikampelekea kikombe chenyewe, akakikunja, akakikunja tena, akanirudishia alama yangu. Alama hiyo moja ni ya Dahabo. Zilizobaki zote ni zangu.