Beti za Kitaluni

Shangazi yangu hakuwahi kuandika shairi hata moja, na ukimuuliza kwa nini, atakuuliza mbona wewe hujaandika njia ya kwenda chooni kwako. Aliuza miche nyuma ya nyumba, na kila safu ya miche ilikuwa na ubeti wake. Akimwagilia milimao, ni ubeti wa mama yake. Mipapai ilikuwa ya mafuriko yaliyobomoa jiko na kuacha sufuria juu ya paa. Alitembea na mpira wa maji mkononi huku akighani, na safu moja ikimalizika, inayofuata inamkumbusha ubeti unaofuata. Sisi wa nyumbani tulimsikiliza kama redio ya jirani: tunafurahia, hatukariri.

Kisha kiharusi kikamwangusha palepale kwenye udongo. Hospitalini maneno ya kawaida yalimrudia, hasa ya kugombeza, lakini mashairi hayakurudi. Niliogopa, nasema kweli, nikaanza kulia mbele yake.

"Usinililie, mwanangu," aliniambia. "Yamo kitaluni. Nipelekeni tu, nitayaokota."

Tatizo lilikuwa baba yangu, mdogo wake. Baba ni mtunza stoo mstaafu. Akiona vijiko vimelala ovyo kwenye droo, hapati usingizi. Dada yake akiwa bado amelazwa, aliingia kitaluni kwa nia njema kabisa, akapanga miche yote kwa urefu, mirefu nyuma, mifupi mbele, imenyooka kama gwaride. Na biashara hakuiacha: mikomamanga yote aliiuzia shule moja kwa mkupuo. Siku shangazi aliporudi, baba alimfungulia mlango wa kitalu kama waziri anayezindua daraja.

Shangazi alishika mpira wa maji, akaanza. Mlimao wa kwanza ukamtolea mstari wa mama yake. Mche wa pili ulikuwa mpapai, shangazi akaghani nusu ya mafuriko. Halafu mlimao tena. Akaushusha mpira wa maji.

"Nani amenivuruga?"

"Dada, nimepanga tu," baba alisema. "Palikuwa shaghalabaghala."

"Umepanga! Mama umemtia ndani ya mafuriko, unasema umepanga!"

Tulihamisha miche mchana kutwa. Yeye alielekeza kwa fimbo, baba anabeba, mimi nabeba, mgongo wangu unalia. Lakini kila safu iliporudi mahali pake, ubeti ulitoka mzima, na sauti ya shangazi ikazidi kupanda. Nilipiga vigelegele bila kuona haya. Mwishowe ikabaki nafasi moja tupu, ya mikomamanga, na huo ndio ulikuwa ubeti wa marehemu mumewe. Shangazi aliikodolea macho ardhi ile, akajaribu, akajaribu tena. Hakikutoka kitu.

Jasho lilimtoka baba. "Kesho naenda shuleni kuwabembeleza. Watanirudishia hata michache."

"Acha," shangazi alisema. "Maneno yenyewe yamepotea, lakini najua yalikuwa yanasema nini. Yalimsifu kwamba alinikinga jua maisha yangu yote."

"Si ndivyo alivyokuwa?"

"Miaka yote aliyolala kitandani, nani alikuwa anamgeuza? Nani alimwogesha, akatoka hapo akaja kuuza miche ili tule?"

Baba miaka ile alikuwa mtu wa kupita sikukuu tu, anakaa kidogo, anaangalia saa. Shangazi alijishikiza begani kwangu, akasogea mpaka katikati ya ile nafasi tupu. Aliliita neno moja moja, bila haraka, mpaka mstari ukakamilika:

*Kivuli hakuwa yeye, kivuli ndimi mwenyewe.*

Akaurudia kwa sauti kubwa zaidi, uso umemkunjuka. Nilijivunia kuwa damu yake.

"Nilimpenda sana," alisema, "ila hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Baba alifuta uso kwa shati. "Sasa hapa nikupandie nini, dada?"

"Usipande kitu. Huu siwezi kuusahau."