Sifa za Kinyago

Bucha ile ilikuwa na pande mbili, na kila upande na mwenyewe. Mbele, penye kioo na mizani, alisimama mdogo mtu: uso laini, ulimi mtamu, mtu wa kukuuzia mapafu ukaenda nyumbani unajiona umebeba maini. Nyuma ya pazia la plastiki, kwenye gogo, alikuwa kaka mtu, waliyemwita Makaa. Jiko la mafuta lilimlipukia utotoni, likamwachia uso uliokunjamana kama ngozi iliyosahauliwa juani, sikio moja na nusu, na mdomo usiofunga vizuri upande mmoja. Hakuna aliyemshinda kwa kisu. Na hamu yake ilikuwa moja tu: asimame mbele ya bucha aliyoianzisha baba yao, mchana kweupe, auze.

"Kaka, ukitoka wewe," mdogo wake alikuwa akimwambia, "mtaa mzima utahamia kwenye mboga za majani."

Ikatokea watu wa filamu wakaja kutafuta pembe na mafuvu ya ng'ombe. Walikuwa wakiigeuza riwaya moja nene kuwa filamu, hadithi ya falme, panga na mazimwi, ambayo kila aliyeisoma aliapa kuwa hakuna kamera itakayoiweza. Mwongozaji alipita nyuma kufuata pembe. Akatoka na mfalme wa mazimwi.

Makaa hakuwa wa kuchezewa sokoni. Alimwona yule bwana anavyomeza mate, akajua bei ya kumwigiza mfalme huyo inaweza kupanda. Ikapanda. Kisha akaongeza la kwake: "Na jina langu liandikwe."

Mdogo wake alicheka mpaka akashika mizani. Akatangaza mbele ya wateja, "Sikilizeni nyote! Wahakiki wa magazeti wakimsifu kaka, hata mstari mmoja, gogo nashika mimi, yeye anakaa hapa."

Makaa akayachukua maneno yale kama mkataba. Maneno ya mfalme aliyakariri huku akipasua mifupa. Siku ya kuigiza mfalme anavyomlilia mwanawe aliyeuawa, mafundi wa taa walijifanya wana mafua.

Filamu ikatoka. Jina lake lilikuwepo, mwisho kabisa, watu wameshasimama wanatafuta viatu vyao gizani. Kesho yake asubuhi mdogo mtu akatandaza magazeti juu ya kioo, bucha imejaa.

"'Riwaya ya watu wazima imetiwa mashineni, ikatoka nyama ya kusaga.' Jamani! 'Joka linaruka kama mbuzi aliyebeba mwavuli.' 'Malkia analia kama amemenya vitunguu, na hata vitunguu vyenyewe havikuwa vikali.'" Watu wakavunjika mbavu. Nyuma ya pazia, shoka lilikuwa limenyamaza. "Ngoja, hapa pana sifa! 'Katika takataka yote hii, kitu kimoja kinastahili tuzo: kinyago cha mfalme wa mazimwi. Kile kinyago kinalia, kinaumia, kinatisha. Aliyekitengeneza ni bingwa.'"

Akalikunja gazeti taratibu. "Kinyago, kaka. Wewe hujatajwa. Kinyago kikija, mimi nakipisha."

Makaa alivua aproni, akanawa mpaka viwiko, akavaa shati la kwendea misibani. Akaenda gazetini.

Mhakiki alikuwa mwanamke wa miwani minene, anakula karanga mezani. Alipomwona alipiga makofi.

"Njooni muone! Wamekileta chenyewe!" Wenzake wakamzunguka Makaa. Yeye akafungua mdomo aseme, lakini vidole vya mama yule vilikuwa tayari shavuni, vinafinya, vinatafuta ukingo. "Kazi ya ajabu. Kimegandishwa na nini? Pindo liko wapi?" Vidole vikapanda mpaka kwenye lile sikio nusu. Hapo vikakuta joto. Vikakuta jasho.

"Ni mimi, mama," Makaa akasema. "Nimekuja mrekebishe tu. Muandike ni mimi niliyeigiza."

Mama akarudisha mkono, akaufuta kwenye sketi. "Tutarekebisha," akasema. Karanga hakuzigusa tena.

Na kweli alirekebisha, hakudanganya. Mdogo mtu akasoma tena kwa sauti: "'Tunaomba radhi. Tulichokisifu si kinyago, ni uso wa mkata nyama aliyeungua. Basi hapakuwa na ufundi wowote pale, palikuwa na ajali tu. Tunaziondoa sifa zetu. Filamu hii haina kitu hata kimoja.'"

Safari hii hakuna aliyecheka. Lakini kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, wananyoosha shingo kulitazama pazia. Mdogo mtu akazitazama shingo zile, akapiga hesabu zake, akaingia nyuma.

"Kaka, toka mbele. Nimewaambia asiyenunua haangalii."

"Dau nilishindwa."

"Achana na dau. Nipe shoka."

Makaa akafunga aproni safi. Akasimama pale alipopaota maisha yake yote, mkono kwenye mizani, foleni yote imemkodolea macho. Wa kwanza alikuwa mama na binti yake mdogo. Mtoto akajificha kwenye gauni, akaanza kulia.

"Usiogope, mwanangu," mama akamwambia. "Ni kinyago tu."

Makaa akamtazama mtoto, akamtazama mama, akaitazama foleni.

"Ndiyo, kinyago," akasema. "Nusu au kilo nzima?"