Daktari Anatafuta Njia Tumboni Mwangu, na Mimi Ndiye Najua Ilikohamia

Admin nifichie jina, huku Pasiansi tunajuana. Nina miaka 28, nimeolewa, mtoto mmoja. Naandika nikiwa wodini, macho ya njano kama bizari.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa na kilo 118. Mimi kila kitu najifundisha mwenyewe mtandaoni, nikaangalia video zote za upasuaji wa kupunguza mwili, nikajiona daktari kabisa! Nikamdanganya mume wangu nina uvimbe kwenye kizazi, nikaenda kufanyiwa ule wa kupunguza mwili nje ya nchi. Wakanibakishia kifuko kidogo cha tumbo, wakakiunganisha na utumbo huko mbele. Tumbo la zamani lipo tu pembeni, chakula hakipiti. Nilirudi na makovu ya vitundu vitano tu tumboni, nani angejua?

Mama mkwe akatoka Misungwi kuja kuniuguza. Kila asubuhi ananichemshia mizizi. Nilivyoanza kupungua, kelele nyumba nzima: "Mnamuona mkamwana wangu? Dawa ya bibi yangu hiyo!" Nikawa nainywa tu, jamani. Wanawake wakawa wanatoka mpaka Magu kufuata mizizi yake.

Wiki hii nikashikwa na maumivu chini ya mbavu, homa, natetemeka. Picha ikaonyesha jiwe limeziba mrija wa nyongo. Daktari akasema atapitisha mpira wenye kamera mdomoni, alitoe. Akauliza, "Umewahi kupasuliwa?" Mume wangu akadakia, "Kizazi tu, daktari." Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Jana kajaribu, kashindwa. Akaja kitandani: "Dada, tumbo lako ni dogo mno na kuna kovu silielewi. Kuna kitu hujaniambia?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, mama mkwe akapiga magoti.

"Ni mimi, baba! Mizizi yangu imemuunguza mtoto wa watu!"

Daktari akamuangalia, akaandika. Akasema kama ni kovu la kuungua, basi leo asubuhi watalipanua wapite kwa nguvu kidogo. Na mimi nimelala pale, kimya! Nimesoma kwenye simu: kwa mtu kama mimi mpira wa kawaida haufiki kwenye ule mrija, wakilazimisha wanaweza kutoboa utumbo. Njia nyingine ipo, ya kupitia lile tumbo la zamani, ila lazima wajue kwamba lipo. Na mume wangu ndiye anasaini, ataelezwa kila kitu.

Tangu jana mume wangu hamsemeshi mama yake. Kamwambia sentensi moja tu: "Akifa huyu, usirudi kwangu."

Mama hajala. Amekaa hapa chini ananikanda miguu, anarudia, "Nisamehe mwanangu, nimekuua."

Homa inapanda tena. Saa mbili asubuhi wananichukua. Nikisema ndoa imekwisha, najua. Jamani mnaosoma, nianze kumwambia nani, daktari, mume, au huyu mama aliyeshika miguu yangu? Nijibuni haraka, simu wataichukua.