Zamu ya Mama Bariki

Pale mwalo wa Kibirizi, boti za dagaa zinapotia nanga, Melania, mama yake Bariki, anajulikana kwa mambo mawili: dagaa wake hawana mchanga, na simu yake haitulii kiunoni. Kioo kimepasuka pembeni lakini kamera ni nzima. Hapigi picha za harusi wala za watu waliojipanga. Ukijipanga tu, anaishusha.

"Mama Bariki, nipige basi, leo nimevaa," vijana wa mitumbwi humwambia.

"Wewe endelea kuchokonoa meno. Nitakupiga huko huko."

Anazo picha za mtoto akilamba mawese kiganjani, za Bi Nasma akipiga chafya, za miguu ya wanawake ikikimbilia boti linapogusa mchanga. Mimi na mama yangu tunaanika dagaa jirani yake, kwa hiyo nyingi nimeziona. Si picha za kutundika ukutani. Ila ukiziangalia unakumbuka siku ilivyokuwa.

Kuanika kwetu kuna zamu. Dagaa wakishatandazwa, wengine wanakwenda kupika, kuswali, kujinyoosha kidogo, mmoja anabaki. Anafukuza kunguru na bata, na anaangalia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Milima ikifutika, mvua inakuja, naye anapiga kelele, "Anueni!" Hapo kila mtu anakimbia na turubai. Dagaa nusu wakavu wakinyeshewa wanageuka rangi, wanaishia kuwa chakula cha kuku.

Siku ile zamu ilikuwa ya Mama Bariki. Milima ilifutika, na yeye aliona mapema, maana alikuwa anaiangalia kwenye kamera ya simu. Mvua ilikuwa inatembea juu ya maji, nyeupe, na mbele yake mtumbwi mmoja unakimbia. Akapiga. Akasubiri mtumbwi usogee, akapiga tena. Alipoita, matone yalishafika mchangani.

Tulikimbia bure. Bi Nasma, mkubwa wetu pale, hakugomba. Alichota dagaa waliolowa, akawanusa, akawaachia waanguke.

"Mama Bariki, hiyo picha inaliwa?"

"Hailiwi, Bi Nasma. Nisameheni."

"Tuoneshe basi kilichotunyeshea."

Akawaonesha. Wakaiinamia wote, nguo zinachuruzika.

"Nzuri kweli," Scola, mwanikaji mwenzetu, akasema, akasonya. "Kesho nitawapikia wanangu."

Wakamwambia wazi: siku ya zamu, simu itakaa kwa Bi Nasma. Asipotaka, atafute pengine pa kuanikia. Na pengine hakuna. Mchanga wote pale una wenyewe, na mtu asiyeaminiwa zamu haaniki na wenzake. Mama Bariki hana kazi nyingine.

Zamu yake iliporudi, aliitoa simu mwenyewe kabla hajaombwa. Bi Nasma akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaa kivulini. Mama Bariki akashika fimbo yake ya kunguru.

Jua lilipopanda, Mzee Athumani, mshona nyavu, akapitiwa na usingizi ndani ya wavu wake. Kuku akampanda tumboni. Mzee anakoroma, tumbo linapanda na kushuka, na kuku juu yake anapanda na kushuka, ametulia kama abiria. Mkono wa Mama Bariki ukaenda kiunoni, haukukuta kitu. Akamtazama Bi Nasma. Bi Nasma naye alikuwa anamwona huyo kuku, anabana kicheko, lakini akanyanyua kidevu kuelekeza Kongo.

Mama Bariki akageukia ziwa. Milima ilikuwepo. Ikaendelea kuwepo mchana kutwa. Alipotazama tena nyuma, kuku alishashuka na mzee ameamka, anatafuta sindano yake.

Jioni tukaanua dagaa wakavu, wa kuvunjika ukiwabana. Bi Nasma akafungua pindo, akamrudishia simu yake.

Scola alikuwa anakunja turubai. "Jumamosi zamu ni yangu, na mtoto ana kliniki. Nani atanishikia?"

Wengine wakajifanya hawakusikia.

"Nipe mimi," Mama Bariki akasema.

Scola akamtazama, akatazama simu mkononi mwake, akamtazama tena.

"Haya. Chukua. Tena uwahi, kunguru wa Jumamosi hawana adabu."