Karatasi Iliyoishia Ng'ambo ya Bonde

Felician ni mwenyekiti wa kitongoji huko Heru Juu, na watu humsifu kwamba hana makuu. Waache wasifu. Samansi za mahakama zikitoka Kasulu mjini, yeye ndiye huzipeleka kwa miguu, wala hapewi hata soda.

Siku moja akakabidhiwa ya Reverien, aliyeshtakiwa na jirani kwamba kang'oa mikonge ya mpaka wa shamba. Kufika kwa Reverien ni kuteremka bonde lote na kupanda ng'ambo ya pili. Kabla hajaanza kuteremka, akaitwa kwa Harerimana, aliyekuwa akipokea mahari ya binti yake. Pombe ya ndizi ilikuwa tele, na ngoma zikilia. Felician akakaa mpaka magoti yakagoma. Kesho yake karatasi ilitakiwa mahakamani, naye, bila hata aibu, akaandika nyuma yake: "Amekataa kupokea." Akagonga muhuri.

Maneno mawili tu, jamani! Kesi ikasikilizwa bila mshtakiwa, jirani akasema alivyotaka, hakimu akaona huyu mtu ana dharau. Miezi sita jela. Reverien alijua kwamba ana kesi siku mgambo walipomfuata na pingu.

Mkewe, Herieth, alikuja kwa Felician na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mwenyekiti. Eti mume wangu alikataa karatasi ya serikali! Si unamjua? Niandikie barua, wewe watakusikiliza."

Felician alishindwa kumtazama usoni. Akapanda bodaboda hadi mahakamani, akamweleza hakimu ukweli wote, makarani wakisikia. Alikemewa kama mtoto, na muhuri akanyang'anywa. Hukumu ikafutwa, kesi ikaamriwa ianze upya. Lakini Reverien alikuwa ameshalala jela wiki tatu.

Reverien alipotoka, Felician aliteremka lile bonde akapanda, akamkuta shambani akipalilia maharage.

"Ndugu yangu, ni mimi niliyekufunga. Sikufika kwako. Nilikuwa nakunywa kwa Harerimana, nikaandika uongo. Nisamehe."

Reverien alitazama ng'ambo, nyumba ya Harerimana inapoonekana wazi.

"Siku ile nilikuwa hapa hapa," akasema. "Ngoma zenu nilizisikia."

Akaelekeza jembe ng'ambo.

"Wenzako wakiwa na shida nami husimama pale kwa Harerimana wakaniita kwa sauti, nami naitika. Ungeniita tu, mwenyekiti. Ningekuja mwenyewe kuichukua hiyo karatasi."