Ekseli za Glafira Stepanovna

Miaka ishirini na miwili Glafira Stepanovna alilinda tanuru la kiwanda kimoja huko Urali, na hakuna chuma kilichokwenda chini ya nyundo bila idhini yake. Hapo zilifuliwa ekseli za treni, kwa chuma kilichochanganywa na kromu na nikeli. Yeye alikipasha hadi nyuzi elfu moja mia moja na hamsini, basi.

Ndipo akaletwa mkuu mpya wa karakana, Arkadi Lvovich, mwenye diploma mbili na tai moja. Alikuwa amewaahidi wakubwa kwamba mpango wa mwaka utatimia kabla ya sikukuu ya mapinduzi ya Novemba. Akasimama kando ya nyundo, akahesabu mapigo.

"Kumi na mawili kwa ekseli moja! Pandisheni moto hadi elfu moja mia tatu. Chuma kikilainika, sita yatatosha."

"Kulainika kitalainika," Glafira alisema, "ila punje zake zitavimba ndani. Kikipoa utapata sura ya chuma, moyo wa biskuti."

"Kwani umesomea wapi, shangazi?"

"Hapa hapa, mbele ya moto."

"Basi endelea kusoma. Pandisha!"

Akapandisha, amri ilikuwa na muhuri. Ekseli zikatoka kama maandazi. Picha ya Arkadi Lvovich ikabandikwa kwenye ubao wa heshima, naye akawa anapita pale mara nne kwa siku.

Siku ya majaribio, mashine ya maabara iligonga kipande cha kwanza, kikakatika pap! Cha pili vilevile. Tume ikaja, ikala pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama, siku tatu, ikaandika kwamba mashine ile inagonga kwa chuki.

Glafira alichemka. Akaokota kipande, akaingia nacho ukumbini walimokuwa wakila, akakiweka mbele ya mnunuzi wa shirika la reli, Yermolai Fomich, mtu asiyejua kucheka.

"Tazama palipovunjika. Panametameta kama sukari ya mawe. Chuma kizima hapa huwa cha kijivu, tena laini kama mahameli. Wanao utawapandisha juu ya hiki?"

Yermolai Fomich akakigeuzageuza, akaweka uma chini.

"Sichukui hata moja."

Ekseli mia mbili na kumi zikarudi kuyeyushwa, moto ukashushwa. Arkadi Lvovich naye akapandishwa cheo, akapelekwa wizarani kusimamia ubora. Karakana nzima ikacheka hadi machozi. Glafira hakucheka, aliuliza tu, ubora wa nini?

"Wa madaraja ya mito," wakamwambia.

Tangu siku hiyo, akienda kwa dadake ng'ambo ya mto, husubiri maji yagande, akavuka kwa miguu.